Marahaba Mbili za Gehandu

Kazi yangu ya kwanza katika fani ya mitetemo ya ardhi ilikuwa kusalimia watu. Nilikuwa na cheti cha fundi sanifu, viatu vipya na kalamu mfukoni, nikapewa kigoda nikakae kando ya njia. Siku mliponiaga nikistaafu, ninyi vijana wa chumba cha modeli, mliniomba niandike tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Naanza na kigoda kwa sababu pasipo kigoda kile nisingeielewa modeli hata moja. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilibandikwa mlangoni, mlivisoma wenyewe, na sijawahi kuona mshahara ukimfundisha mtu jinsi wimbi linavyorudi kutoka chini.

Mimi ni mzaliwa wa Bashay, Mbulu. Wazazi wangu walilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache, na waliamini kwamba mtoto aliyekwenda chuo atapangiwa kazi mbali, mahali penye umeme. Nilipangiwa Gehandu, wilaya ya jirani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Basi lilinifikisha Dongobesh, na pale nikapata lori la shamba lililokuwa linarudi Hanang na magunia matupu. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia napima ardhi.

"Ya nani?" akauliza haraka.

Miaka ile swali hilo halikuwa la mzaha. Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda kwenye tambarare zote, na si kila mfugaji aliyeyapisha matrekta aliyapisha kwa moyo mweupe. Nikamweleza kwamba sipimi mipaka, napima kilicho chini yake.

"Afadhali. Huko chini hakuna wa kugombana nawe," akasema, akatia gia.

Alikosea. Hata huko chini watu wanagombana sana, ila wanagombana kwa karatasi za grafu.

Mkuu wa kikosi chetu alikuwa Ndugu Ndunguru, mtu wa Songea, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa katani. Alinipokea kabla sijatua begi.

"Wewe ni wa huku?"

"Wa Mbulu."

"Lugha ya wazee wa hapa unaijua?"

"Ndiyo lugha yetu, Ndugu."

"Na kusalimia unajua?"

"Nani hajui kusalimia?"

"Sisi," akasema. "Njoo uone."

Nyinyi mlikuta data ikiwa tayari kwenye diski, kwa hiyo niwaeleze. Tulilaza waya mrefu juu ya ardhi. Kwenye waya ule kulikuwa na jiofoni, vifaa vidogo vya ukubwa wa kikombe vyenye mwiba chini, tulivyovichomeka udongoni ili visikie mtetemo. Mpiga nyundo wetu alikuwa Shabani, mtu wa Kigoma mwenye mabega kama mlango wa ghala. Alipiga bamba la chuma lililolazwa ardhini. Mtetemo ukashuka, ukafika mahali tabaka moja la mwamba linapoishia na jingine linapoanzia, na sehemu yake ikarudi juu kama mwangwi. Mashine iliuchora mwangwi huo kwenye karatasi, mstari unaopanda na kushuka. Pigo moja halikutosha. Shabani alipiga tena na tena mahali pale pale, na mashine ikajumlisha. Kinachojirudia kilikua, kelele isiyojirudia ilififia.

Lakini kelele ikizidi, hata kujumlisha hakusaidii. Upepo wa Hanang ukishaamka, ngano hutikisika na mizizi yake huitikisa ardhi. Kombaini ikivuna hata mbali sana, karatasi yote huchafuka. Hayo Ndugu Ndunguru aliyatarajia. Kelele ambayo chuo hakikumfundisha ilikuwa adabu.

Njia ya malishoni ilikatiza waya wetu. Vibarua wetu walikuwa watu wa pale pale, na mzee alipopita, hakuna aliyethubutu kubaki amekaa. Walinyanyuka, wakamwendea, wakainama. Shikamoo. Marahaba. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za aliyekuwa mgonjwa. Miguu yao ilikanyaga kando ya jiofoni, na karatasi ikatoka kama imechorwa na mtoto. Ndugu Ndunguru alipiga marufuku salamu wakati wa kazi. Kesho yake hakuna kibarua hata mmoja aliyekuja.

Ndiyo maana ya kigoda. Nilikaa mbali na waya, mahali ninapomwona kila anayekuja. Nilimfuata, nikamsalimia kwa niaba ya waya mzima, nikamsikiliza mpaka aridhike, kisha nikamwonyesha njia ya kuzunguka. Vibarua walitulia kwa sababu mzee alikuwa ameshasalimiwa na mtu anayejua. Darasani niliwahi kuwa wa pili katika hesabu. Pale Gehandu nilikuwa wa kwanza katika shikamoo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Margwe, mkulima mwenye ng'ombe, ambaye hakuvua koti lake zito hata jua liwake vipi. Siku ya kwanza aliuliza nyumbani kwetu ni wapi.

"Bashay, mzee."

"Bashay! Na Bashay wamekusomesha ili uje ukae kwenye kigoda?"

"Nasalimia kwa niaba ya wanaofanya kazi."

Akamtazama Shabani akiinua nyundo. "Na yule, ardhi imemkosea nini?"

"Haijamkosea. Anaigonga ili ijibu."

"Mtu akigongwa namna ile hajibu," akasema. "Anakimbia."

Kuanzia siku hiyo kila alipopita aliuliza: "Imejibu, au imekimbia?"

Jibu tulilolitafuta lilikuwa maji. Watu wa Gehandu walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao, matofali yao na bati lililopatikana kwa taabu. Serikali ikawaletea nesi, Zainabu, mwenyeji wa Korogwe. Lakini zahanati haikufunguliwa, kwa kuwa agizo lilikuwa wazi: chumba cha kujifungulia kisicho na maji hakifunguliwi. Wajawazito waliendelea kubebwa kwenye vitanda vya kamba kuelekea Katesh, wengine wakajifungulia njiani kando ya mabua ya ngano. Mmoja wao, muda mfupi kabla sijafika, hakurudi. Zainabu alitembea kando ya kitanda chake njia yote.

"Mkasi ninao, pamba ninayo, kitanda cha kuzalishia kiko mle ndani kimefunikwa nailoni," aliniambia. "Ninachokosa ni kitu ambacho kwetu kinatudondokea kichwani bila kukiomba."

Mtambo wa kuchimba ulikuwa mmoja kwa eneo kubwa, na Gehandu tulikuwa tumeuazima mpaka mwisho wa mavuno. Ukishaondoka, hakuna aliyejua utarudi lini. Na Zainabu alikuwa ameshaambiwa kwamba asipopata zahanati ya kufanyia kazi, atahamishwa.

Ndugu Ndunguru akachagua mahali. Katikati ya mstari wetu wa upimaji palikuwa na mwangwi mkubwa kuliko yote, mweusi kwenye karatasi kama wino umemwagika. Tulikubaliana bila ubishi: mwangwi mkubwa, tabaka nene, na tabaka nene ndilo linaloweza kuweka maji. Wachimbaji wakasimamisha mtambo, kijiji kizima kikaja kutazama, na bomba likashuka, likatoa vumbi, likaendelea kutoa vumbi. Lava ngumu, chini yake majivu ya volkano yaliyoshikamana, chini yake lava tena. Matabaka ya majivu yalikuwa membamba, na hayakuwa na tone. Akina mama walikuja na ndoo zao na wakarudi nazo. Hakuna aliyetutukana, na hilo liliuma zaidi.

Mzee Margwe alipita jioni ile. Nilimsalimia, akaitikia, halafu kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Wachimbaji walitaka kufunga mizigo. Ndugu Ndunguru akawaomba wampe vile vipande vya mwamba vilivyotoka shimoni, vikiwa vimepangwa kwa kina chake. "Hili shimo tumelilipia kwa aibu," akaniambia, "basi lazima litufundishe." Akamwomba Zainabu chumba chenye mwanga. Zainabu akatupa chumba cha kujifungulia. Kilikuwa na dirisha kubwa lenye vioo, la pekee kijijini, na kitanda ambacho hakuna aliyekilalia.

"Kitumieni," alisema. "Angalau kizae kitu."

Hapo ndipo nilipoona modeli kwa mara ya kwanza, yaani mfano wa matabaka unaochorwa ili kujua mwangwi wake utakavyokuwa. Tulikuwa na penseli, karatasi ya grafu, na karatasi ile nyembamba angavu ya kunakilia ramani. Ndugu Ndunguru alichora wimbi la nyundo ya Shabani kwenye kipande cha karatasi angavu: bonde, kilima, bonde dogo, kisha kimya. Akatengeneza vipande vingi vya aina hiyo. Kila mpaka kati ya matabaka tuliupa kipande chake. Wimbi likitoka kwenye mwamba mgumu kuingia kwenye laini, mwangwi wake hurudi umepinduliwa, kwa hiyo kipande kile tulikigeuza juu chini. Likitoka kwenye laini kuingia kwenye mgumu, hurudi umesimama sawasawa. Tulivibandika vipande kwenye kioo cha dirisha, kila kimoja mahali pa muda wake, jua likipita nyuma yake, na kujumlisha miraba ya grafu kwa macho na vidole. Hiyo ndiyo kazi ambayo mashine yenu inaifanya kabla hamjameza mate.

Alinionyesha tabaka nene kwanza. Mwangwi wa juu yake ulitokea, pakawa na nafasi, kisha ukatokea mwangwi wa chini yake. Miwili, ya wastani. Halafu akaanza kusogeza kipande cha pili kuelekea cha kwanza, ndiyo kusema analipunguza tabaka unene. Nafasi ikaisha. Akasogeza tena kidogo, na kilima cha kimoja kikakaa juu ya kilima cha kingine. Nikajumlisha miraba. Mwangwi ulikuwa umekuwa karibu maradufu.

"Tumelikondesha tabaka, mwangwi umenenepa," nikasema. "Ndugu, umekosea kusogeza."

"Rudia wewe."

Nikarudia. Ikawa vile vile. Nikasogeza zaidi, tabaka likawa jembamba kama chapati, na mawimbi yakaanza kulana mpaka yakabaki karibu na sifuri. Nilisimama pale dirishani nikiwa na gundi kwenye vidole, nikiwa na cheti, na sielewi.

Kilichonisaidia kilikuwa kigoda. Nilikumbuka kwamba wazee wawili wakija bega kwa bega, nami nikitoa shikamoo moja, marahaba zao hutoka kwa pamoja na mtu aliye mbali angedhani ni mzee mmoja mwenye kifua kikubwa ajabu. Wakija mmoja mbele na mwingine nyuma, husikika marahaba mbili, kila moja ya kawaida. Ukubwa wa sauti haukuniambia ukubwa wa mzee. Uliniambia kwamba wamekaribiana.

Nikamweleza Ndugu Ndunguru. Alitua penseli.

"Nitaiiba hiyo," akasema.

"Ila wazee hawafutani sauti wakikaribiana mno," nikaongeza.

"Hujahudhuria vikao vya kwetu Songea."

Kisha tukapanga vipande kulingana na mwamba uliotoka shimoni: lava, majivu, lava, majivu, lava. Tukajumlisha. Kwenye karatasi ya grafu ukatokea ule mwangwi wetu mweusi, karibu sawa kabisa na uliotudanganya. Haukuwa umetudanganya, kwa kweli. Ulisema, "Hapa kuna vitu vyembamba vilivyokaribiana," nasi tukasikia, "Hapa kuna kitu kinene."

Swali likabadilika. Hatukutafuta tena mwangwi mkubwa. Tulitafuta mwangwi wa wastani unaoanza kugawanyika mara mbili, mahali matabaka laini yanaponenepa. Tulifungua karatasi zote za mstari wa zamani tukazitandaza kwenye kitanda cha kuzalishia. Upande wa mashariki, karibu na mpaka wa shamba la ngano, mwangwi mweusi ulipauka, na ilionekana kama unapasuka. Ilionekana tu, kwa sababu hapo ndipo kombaini zilipokuwa zikivuna, na karatasi ilikuwa imejaa kelele.

"Ni maji hayo?" Zainabu aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Modeli haisemi maji," Ndugu Ndunguru akamjibu. "Inasema kinene. Inaweza kuwa changarawe yenye maji, inaweza kuwa majivu mengi zaidi. Modeli haiahidi, dada yangu. Inapunguza ujinga kidogo kidogo."

"Basi upunguzeni upesi. Wachimbaji wanasema mhandisi wa maji anakuja kesho kutoka mkoani kuuchukua mtambo."

Ndugu Ndunguru alikwenda kwa meneja wa shamba kuomba kombaini zisimame. Alirudi na jibu lifuatalo: kombaini hazisimami kwa ajili ya waya, zinasimama kwa ajili ya uji. Kama tunaweza kupima wakati madereva wanakunywa uji, tupime.

Kesho yake asubuhi waya ulikuwa umeshalazwa upande wa mashariki na jiofoni zote zimechomekwa. Upepo ulikuwa bado haujaamka. Mzee Margwe alikuwa na ng'ombe wake upande wa pili wa njia. Nilimwendea nikamweleza kila kitu, uji, mtambo na zahanati. Akawageuza ng'ombe wakatulia bondeni, akarudi akasimama karibu na kigoda changu.

Kombaini zikazima moja baada ya nyingine. Sijawahi kusikia tambarare ile ikiwa kimya namna ile wakati wa mavuno. Shabani akapiga pigo la kwanza.

Na vumbi likatokea barabarani. Landrova ya mhandisi.

Nilikimbia, nikasimama katikati ya njia mbali na waya. Gari likasimama, nikamwomba dereva azime injini. Mhandisi akashuka, mtu mwenye haraka na kofia safi. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku anatembea, na alikuwa anatembea moja kwa moja kuelekea kwenye waya. Kule mbele niliona vibarua wanaanza kunyanyuka kwa heshima yake.

Mzee Margwe akakohoa.

Mhandisi alisimama. Asingeweza kupita. Mwenye mvi hapitwi kama kisiki, hata uwe umetumwa na mkoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi?"

"Arusha, mzee. Nina haraka kidogo..."

"Arusha hawajambo? Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, mzee."

"Baba yako yupo?"

"Yupo, ni mzima."

"Mungu ashukuriwe. Na mama? Na ng'ombe wa baba yako?" Nyuma yetu nyundo ilikuwa inagonga taratibu, sawasawa, na vibarua walikuwa wamekaa tena, kwa kuwa mgeni alikuwa mikononi mwa mkubwa wao. "Na wewe mwenyewe, una ng'ombe wangapi?"

"Sina, mzee. Mimi naishi mjini."

Mzee Margwe akashtuka, au akajifanya kushtuka, sijui mpaka leo. "Huna hata mmoja? Pole sana, mwanangu. Ilikuwaje?"

Mhandisi akafungua mdomo kueleza, na jinsi alivyoeleza ndivyo maswali yalivyozaana. Shabani alihamisha bamba, akapiga, akahamisha, akapiga. Mwisho mhandisi akanitazama, akamtazama mzee, akacheka.

"Mzee, unanichelewesha makusudi."

"Mimi nakusalimia," akasema Mzee Margwe. "Kuchelewa ni kwako."

Nyundo ilipokoma na kombaini kuanza kunguruma, Ndugu Ndunguru alikuja na karatasi ndefu mkononi na jasho kwenye miwani. Tukampeleka mhandisi zahanati. Aliingia chumba cha kujifungulia, akaona vipande vya karatasi vimejaa dirishani na mistari ya upimaji imelazwa kitandani kama mgonjwa. Zainabu alimsalimia, akasimama kando ya kitanda.

Karatasi mpya ilikuwa safi. Kwenye ncha ya mashariki mwangwi ulikuwa umegawanyika waziwazi: mmoja, nafasi, wa pili. Ndugu Ndunguru aliishika juu ya kioo, akaweka kando yake modeli ya tabaka nene. Kisha modeli ya shimo kavu na mwangwi wake mweusi.

"Subiri," mhandisi akasema. "Mlichimba mwangwi ulipokuwa mkubwa, mkakosa. Sasa mnaniomba nichimbe ulipo mdogo?"

"Naomba uchimbe ulipo mara mbili."

"Na ukikosa?"

Ndugu Ndunguru alivua miwani. "Nikikosa nitakuwa nimekosa kwa sababu mpya. Ile ya zamani nimeimaliza."

Mhandisi alisogeza vipande dirishani kwa kidole chake mwenyewe, karibu, mbali, karibu, akijumlisha kimyakimya. Nilimwona akifika pale nilipokwama mimi, nikaona uso wake ukibadilika. Halafu akatazama kitanda, akamtazama Zainabu.

"Shimo moja," akasema. "Mtambo utaondoka ukishalimaliza."

Kijiji hakikuja kutazama safari hii. Walikuja Zainabu, Mzee Margwe na sisi. Lava ilitoa vumbi kama mwanzo, nami nikakwepa macho ya kila mtu. Kisha vumbi likawa tope. Mchimbaji akachota tope kiganjani akalifikicha, akatuonyesha kokoto ndogo za mviringo. Changarawe. Bomba liliendelea kushuka na changarawe ikaendelea kutoka. Maji hayakuruka hewani kama kwenye picha za magazeti. Yalikuja ya kijivu, kwa kusitasita, halafu kwa wingi, halafu meupe. Shabani, aliyeipiga ardhi ile kuliko mtu yeyote, alivua shati akakaa chini ya maji hayo.

Mtambo uliondoka, pampu ya mkono ikafungwa, zahanati ikafunguliwa.

Nilikaa na Ndugu Ndunguru miaka mingine mingi. Tulifuata maji, baadaye tukahamishiwa pwani kwenye mafuta na gesi, na kompyuta zikaja, kwanza za ukubwa wa kabati. Chini ya bahari niliwakuta wale wale wazee wawili: mchanga mwembamba wenye gesi, udongo mfinyanzi, mchanga tena, umepangwa kama kurasa za kitabu, na mwangwi unaong'aa kwenye skrini mpaka wakubwa wanaanza kupeana mikono. Mnakumbuka jinsi nilivyokuwa nawaudhi kwenye vikao. Kila mlipoleta doa linalong'aa niliuliza, "Ni mzee mmoja au wawili?" Neema, ulidhani natania. Sikuwa natania. Jengeni modeli kabla ya kufurahi. Wekeni matabaka, yasogezeni, mtazame mwangwi unavyonenepa na kukonda, ndipo mrudi kwenye data. Na shimo likitoka kavu, msilikimbie kwa aibu. Liombeni vipande vyake. Kisima kikavu ndiyo modeli iliyo kamili kuliko zote, na mmeshailipia.

Nimebakiza jambo moja la Gehandu ambalo halikupata nafasi mahali pake. Kabla hatujavunja kambi, zahanati ikiwa bado inanukia chokaa, nilikwenda kumuaga Zainabu. Nje, karibu na pampu, nilimkuta Mzee Margwe amesimama na koti lake, Shabani na Ndugu Ndunguru wakimpigia soga. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa ndani na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Hakuna aliyelitaja hilo. Mzee alikuwa anajifanya amekuja kukagua kisima.

"Shikamoo, mzee. Ardhi imejibu, au imekimbia?" nikamuuliza mimi safari hii.

Akagonga fimbo yake chini mara moja, akainamisha sikio. "Sisikii kitu."

"Gonga tena, mzee," akasema Shabani. "Huyu mtaalamu anasema pigo moja halitoshi."

"Na mabega yangu unayaona yalivyo? Lete hiyo nyundo yako!"

Tukacheka kwa sauti, Ndugu Ndunguru kuliko wote, na Shabani akaanza kuivuta pampu ikalia kama punda. Dirisha la chumba cha kujifungulia likafunguliwa. Vioo bado vilikuwa na alama za gundi yetu. Zainabu akatoa kichwa, kitambaa kimemteremka mpaka kwenye nyusi.

"Nyie watu!" akafoka. "Mmenyamazisha ng'ombe, mmenyamazisha kombaini, mmemzuia hata mhandisi. Leo ninaomba kimya mimi, mnanipigia kelele?"

Shabani akaiachia pampu. Mzee Margwe akaishika fimbo yake kwa mikono miwili isiguse chini. Tukasimama pale tulipokuwa, bila kuinua mguu, kama watu wa waya, tukasubiri kusikia.